Viatu Vitatu vya Gogo

Mwezi uliopita nilivua aproni yangu ya ngozi nikampa mwenzangu, nikashuka mjini bila nyundo kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2008. Kabla sijaondoka, wale ninaowaachia kazi ya kupiga viatu farasi waliniomba niwaandikie niliyoyaona. Nadhani walitaka habari za ufundi. Nitaziandika, lakini ufundi wenyewe mnaujua tayari, na pale msipoujua farasi atawafundisha, naye hana upole wangu. Habari za mshahara naziacha. Hazijazi hata ukurasa.

Mimi ni mtu wa Lubumbashi. Kule nilijifunza kufua chuma katika atelie ya mjomba wangu, tukitengeneza vitanda na milango. Nilifika Durban nikiwa mtu mzima, mwenye mke na binti, tukapanga chumba ghorofa ya tisa Albert Park, na mimi nikapata kazi ya kuchomelea mageti katika kiwanda kimoja kule Jacobs. Siku moja mzee wa Kihindi alisimamisha pikapu mlangoni akashusha kigoda cha fuawe lake, mguu mmoja umekatika. Nilipomaliza kuunga ule mguu niliugonga kwa nyundo mara mbili nikainamisha sikio, kama mjomba alivyonizoesha. Yule mzee akanitazama.

"Wewe si mchomeleaji," akasema. "Wewe ni mfua chuma. Farasi unawaogopa?"

"Sijawahi kumgusa hata mmoja."

"Vizuri. Basi hujajifunza makosa ya mtu mwingine."

Huyo ndiye Uncle Siva. Kila mtu alimwita Uncle, hata mimi, ingawa alinizidi miaka tisa tu. Alikuwa akipiga viatu farasi wa mbio tangu ujana wake, na mabega yalikuwa yameanza kumsumbua. Kiwanda kilipopunguza watu mwaka huohuo, nilimpigia simu. Alfajiri ya Jumatatu alikuja kunichukua chini ya ghorofa letu, tukapanda naye vilimani, nje ya mji, kwenye kiwanja cha mazoezi.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa nyundo. Sikupewa. Uncle Siva alinionyesha namna ya kupitisha mkono begani kwa farasi, kuushusha taratibu hadi kifundoni na kuuomba mguu, na mguu ulipokuja niliubana kati ya magoti yangu. "Basi," akasema. "Ushike." Akaenda kunywa chai. Farasi yule, dume mzee mwenye akili nyingi, alitambua mara moja kwamba amepata kiti, akaniegemea kwa uzito wake wote. Nilikaa hivyo mpaka jasho likanitoka masikioni.

Kwa wiki nzima kazi yangu ilikuwa kushika miguu. Nyumbani mke wangu alinisugua mgongo kwa mafuta huku akicheka.

"Papa Chantal, hiyo ni kazi ao ni adhabu?"

"Ni masomo."

"Na mwalimu iko wapi?"

"Anakunywa chai."

Wiki ya pili nilipewa tupa, ya tatu kisu cha kwato, na mwezi wa pili ndipo nikapewa nyundo na misumari. Vijana wangu, mnaponunua vifaa, nunueni tupa nzuri kabla ya kingine chochote. Nyundo mbaya itakuchosha wewe, lakini tupa mbaya inamharibia farasi mwendo. Kuhusu misumari sina la kuwaambia isipokuwa mzime redio. Msumari unaopita kwenye ukuta mgumu wa kwato hulia kwa sauti kali, ya juu. Unapokaribia nyama, sauti inazama. Kwato ina kucha na ina nyama, kama kidole chako, na kati yao hakuna nafasi ya utani.

Mimi utani huo niliufanya mwaka wa pili. Nilikuwa nampiga kiatu dume mmoja mwekundu, msumari wa tatu ukazama sauti. Niliusikia. Uncle Siva alikuwa akiongea na simu, mimi nikaona haya kuuvuta, nikaupinda ncha na kuulainisha kwa tupa ukapendeza kabisa. Asubuhi iliyofuata farasi akatoka bandani anachechemea. Nilisimama mbele ya Uncle Siva nikamwambia, ni msumari wangu, wa tatu, upande wa nje. Hakugomba. Aliung'oa, akamimina dawa kwenye tundu, akaagiza mguu uloweshwe maji ya moto na chumvi kwa siku tatu. Kisha akaniambia, "Ulijua jana. Ungesema jana, asingelala na maumivu." Maneno hayo tu, na mpaka leo ningependa zaidi kama angenipiga.

Watu wa mjini wakinisikia nafanya kazi na farasi husema, ah, mnyama mwenye nguvu yule. Nguvu anazo. Lakini ana karibu nusu tani iliyosimama juu ya vifundo vyembamba kama vya mkono wangu, na moyo wake unaweza kutishwa na mfuko wa plastiki. Nimeona farasi aliyelala vibaya bandani, miguu ikabanwa ukutani, akahangaika mpaka akaumia. Nimeona tumbo likimsokota mmoja asubuhi na ikifika saa sita mchana hayupo. Mshipa hukatika, gari la kuwasafirisha hufunga breki ghafla kwenye roboti, yaani taa za barabarani, kamba huachwa ndefu kidogo. Hawezi kutapika, na mguu ukivunjika hawezi kukaa kitandani miezi mitatu akisubiri uunge. Mambo hayo hamtaambiwa siku ya kwanza, kwa hiyo nawaambia mimi.

Sasa nije kwa Gogo.

Kwa Kiswahili gogo ni kipande cha mti, lakini kwa Kizulu ni bibi. Alikuwa na jina refu la kwenye karatasi ambalo hakuna aliyelitumia. Tulimwita Gogo kwa sababu kila asubuhi alitembea kwenda mazoezini kama bibi anayekwenda kanisani, polepole, akisimama kumtazama kila mtu, na huwezi kumharakisha. Kisha akifika kwenye kiwanja anageuka kuwa kitu kingine. Alikuwa jike la rangi ya kahawia iliyokolea, lenye kwato za mbele nyembamba kuliko zote nilizopata kuzishika. Kumpiga viatu kulinichukua muda mara mbili, nami sikujali, maana alisimama ametulia akinipulizia shingoni.

Aliyemtunza alikuwa Nokuthula, mama wa Kizulu wa miaka arobaini na kitu, kutoka upande wa Msinga. Wote tulimwita Sisi Thula, yaani dada Thula kwa Kizulu. Alimpokea Gogo akiwa na miaka miwili, mwoga wa ndoo na wa kivuli chake mwenyewe. Alimlisha, alimchana, alimtembeza, na alimwimbia nyimbo za kanisa kwa sauti ambayo, Mungu anisamehe, ilifaa kubaki kanisani. Gogo alishinda mbio nne. Kila aliposhinda, Sisi Thula alikuja kazini kesho yake amevaa hereni.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida mwaka 2012, baada ya mvua. Nilikuwa kwenye banda la chini na Uncle Siva tukasikia mlio, chuma kikigongwa na kitu kizito, kisha mtu anapiga kelele. Tulikimbia. Kwenye kona ya pili ya kiwanja, Gogo alikuwa amelala ubavu kando ya uzio. Mpanda farasi alikuwa amekaa chini akishika bega, analia kama mtoto. Alituambia kundi la hadeda, wale ndege wakubwa wa kijivu wenye midomo mirefu, liliruka ghafla kutoka kwenye majani kwa makelele yao. Gogo alishtuka akaruka pembeni, akagonga nguzo ya uzio kwa mguu wa mbele wa kushoto.

Sitaueleza ule mguu. Daktari wa farasi alifika haraka, akapiga magoti, akautazama mara moja tu, akamtazama mkufunzi wa Gogo, Bwana Roy, na Bwana Roy akageuza uso. Sisi Thula alikuwa amekwisha kaa kwenye mchanga uliolowa, kichwa cha Gogo mapajani mwake. Alimwekea kiganja juu ya jicho asiione sindano. Hakuimba. Alimwambia tu kwa Kizulu maneno aliyokuwa akimwambia kila jioni akifunga mlango wa banda: lala vizuri, Gogo, tutaonana kesho.

Kisha ikawa kazi yangu. Kwetu pale, farasi akifa, mpiga viatu ndiye anayemvua viatu. Nilinyoosha ncha za misumari nikavuta kiatu cha kulia mbele, kisha viwili vya nyuma. Nilipofika mguu wa kushoto mbele, kiatu hakikuwepo.

Nilikuwa nimempiga viatu hivyo siku mbili kabla.

Wadogo zangu, mnajua maana yake. Farasi akipoteza kiatu katika mbio kali anaweza kujikanyaga au kuteleza. Inawezekana hadeda walimshtua. Inawezekana pia kiatu kilitoka kwanza, akapepesuka, na ndege wakaruka kwa sababu yake. Mpanda farasi hakuweza kusema kipi kilitangulia. Hakuna mtu aliyeniuliza chochote, maana wote walikuwa wakimtazama Sisi Thula. Ningeweza kutia viatu vitatu mfukoni nikanyamaza.

Nilimwendea Bwana Roy. "Bosi, kiatu cha kushoto mbele hakipo. Mimi ndiye nilikipiga. Sijui kilitoka lini."

Alinitazama kana kwamba ninaongea kutoka mbali sana. "Basi kitafute," akasema.

Tulikitafuta, mimi na Uncle Siva, tukianzia nyuma, kule alikotoka akikimbia, kwa sababu kama kilitoka mapema kingekuwa huko. Tulitembea tumeinama, hatua kwa hatua. Baada ya muda niliona viatu vya mpira vya mtu wa tatu vinatembea sambamba nasi. Alikuwa Sisi Thula, suruali yake bado ina mchanga.

"Sisi, nenda ukapumzike," nikamwambia.

"Nipumzike nikifanya nini, Baba?" akajibu. "Kama ni kiatu chako, nataka kujua. Na kama si kiatu chako, nataka kujua pia."

Hatukukipata nyuma. Yeye ndiye aliyekiona, ng'ambo ya uzio, hatua tano mbele ya ile nguzo, kwenye majani marefu. Alikiokota akampa Uncle Siva, hakunipa mimi. Mzee akakigeuza mikononi kwa muda mrefu.

"Tazameni," akasema. "Kiatu kinachokanyagwa na mguu wa nyuma huvutwa kwenda nyuma, misumari inapinda kwenda nyuma. Hii yote imepinda kwenda pembeni. Na hiki hapa ni nini?" Ukingoni mwa kiatu palikuwa na rangi nyeupe, rangi ya uzio. Kipande cha kwato kilikuwa bado kimeshikwa na misumari yote sita. "Kiatu hiki kilikuwa mguuni mpaka kwenye nguzo. Nguzo ndiyo iliyokivua."

Sisi Thula alinishika mkono, akasema, "Sawa, Baba. Sasa najua." Ndipo akalia. Tulisimama pale sote watatu, wazee wawili tusiojua pa kuiweka mikono.

Ningependa kuwaambia kwamba niliondoka pale nikiwa mwepesi. Lakini nilipogeuka niliitazama nguzo yenyewe. Uzio wa kona ile ulikuwa wa bomba za chuma juu ya nguzo za chuma zilizochimbiwa kwenye zege, na nguzo ile ilikuwa na ukingo mkali kama panga, umetokeza upande wa farasi. Mimi ni mfua chuma. Nilikuwa nimepita karibu na ukingo ule kila wiki kwa miaka minne. Niliuona. Nilijisemea, hiyo ni kazi ya watu wa kiwanja, mimi kazi yangu ni kwato.

Jioni ile sikula. Mke wangu aliondoa sahani akaketi mbele yangu.

"Si wamesema haiko kosa yako?"

"Kiatu si kosa langu. Ile nguzo niliiona, Mama Chantal. Niliiona nikanyamaza."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Kuna mkutano wa wakufunzi na watu wa kiwanja Ijumaa. Nataka kwenda kusema."

Karatasi zetu za ukimbizi zilikuwa zinakaribia kuisha, na tulijua namna mgeni anavyojibiwa akianza kukosoa. "Utasema kama nani, bwana? Wewe si mkufunzi, wewe si mtu wa hapa."

"Kama mtu wa chuma."

"Eish," akasema, neno alilolichukua sokoni. Akasimama, akafungua kabati, akatoa shati langu la Jumapili na kuanza kutafuta pasi.

Mkutanoni tulikwenda watatu, mimi, Uncle Siva na Sisi Thula. Uncle Siva aliomba nafasi, maana yeye walimjua. Meneja wa kiwanja alikuwa mtu mpole, tena aliyechoka. Alituambia uzio ule umesimama pale miaka mingi na hadeda hawana meneja. Wengine wakacheka kidogo. Nikaweka kiatu cha Gogo mezani. Nikamwambia, "Bwana, ndege watatisha farasi kila siku, na mvua itanyesha. Hayo hatuyawezi. Lakini nguzo hii tuliifanya sisi watu kwa mikono yetu. Mimi nimefua chuma maisha yangu yote, nami nilijua ni mbaya, nikapita. Nakuomba wewe usipite."

Akauliza, "Wewe ni nani?"

"Ni mimi ninayewapiga viatu."

Hapo Sisi Thula, ambaye hakuwa ameomba nafasi kwa mtu yeyote, akasema kutoka mlangoni, "Kiguse, bwana. Iguse hiyo rangi." Na yule meneja, nitamheshimu kwa hilo, akanyoosha kidole akaigusa. Hakuna aliyecheka tena.

Alisema wataangalia. Nilikuwa nimezoea neno hilo kutoka ofisi nyingi, sikutegemea kitu. Wiki ile waliikata nguzo ile moja. Baada ya miezi saba hivi lori likaja na uzio wa plastiki nyeupe, ule unaopinda na kuachia ukigongwa, wakaufunga kwenye kona ya pili, kisha, kwa kuwa ulibaki mwingine, kwenye kona ya tatu. Hakuna aliyetushukuru. Uncle Siva alisema hiyo ndiyo dalili kwamba tulishinda.

Sisi Thula alikuwa na viatu vitatu vya Gogo, nilivyomsafishia na kumfungia kwenye kitambaa. Cha nne kilibaki ofisini, nasikia kiko kwenye droo. Kwa muda mrefu alikataa kupewa farasi mwingine wa kwake. Alisaidia huku na huko, akafagia, akapakia majani, na kila alipopita banda la Gogo alitazama upande mwingine. Bwana Roy hakumlazimisha. Hilo pia ni jambo la kujifunza. Mtunza farasi hapewi siku za msiba farasi wake akifa, lakini Bwana Roy alimpa bila kuziita jina hilo.

Mwisho alijichagulia mwenyewe, na alichagua vibaya. Alikuwa dume mwembamba mwenye masikio makubwa tuliyemwita Posta, kwa sababu alifika kila mahali alipotumwa, ila amechelewa. Hajawahi kushinda mbio hata moja. Aliiba karoti, alifungua komeo kwa midomo, na aliniuma mara tatu, mbili kwenye aproni. Sisi Thula akaanza kuimba tena. Posta alionekana kuipenda sauti ile, jambo lililothibitisha mashaka yangu juu ya akili yake.

Uncle Siva aliacha kazi mwaka 2013, mabega yalipokataa kabisa. Mimi nikaendelea peke yangu, na nasema bila kujisifu kwamba miaka ile ya mwisho niliifurahia kuliko zote. Mikono ilikuwa imejua. Nilipoona mlango umelegea au msumari umetokeza bandani, nilisema palepale, mpaka wakaniita Inspekta. Sikuchukia.

Mwaka jana, majira ya mvua, nilikuwa nimesimama kando ya kiwanja na kikombe cha chai, sasa zamu yangu ya chai, farasi watatu wakaingia kona ya pili. Posta alikuwa wa tatu, bila shaka. Akateleza. Nilimwona anakwenda ubavu, moja kwa moja kwenye uzio, nikamwaga chai. Plastiki ikapinda, ikaachia, Posta akapita katikati yake kama anayepita kwenye pazia, akabiringika kwenye majani ng'ambo na kutoweka. Mpanda farasi alikuwa chini akitukana kwa lugha tatu, kwa hiyo nilijua yeye ni mzima.

Nilikimbia, mimi na mgongo wangu. Sisi Thula alinipita njiani kama gari. Tulipofika kwenye uzio, Posta alikuwa amekwisha simama. Alikuwa na mchanga mpaka kwenye nyusi, kipande cha plastiki kimening'inia kwenye tandiko, kiatu kimoja hakipo. Alikuwa anakula majani.

Sisi Thula alimpapasa miguu yote minne, mmoja mmoja, kutoka bega hadi kwato, kisha akaanza tena upya. Alipomaliza alisimama akaweka paji la uso wake kwenye shingo ya farasi, akakaa hivyo.

Nilileta kisanduku changu. Niliuinua mguu uliopoteza kiatu nikaubana magotini, lakini misumari ikanidondoka kwenye majani, mmoja baada ya mwingine.

"Taratibu, Baba," Sisi Thula akaniambia. "Leo hatuna haraka."

Akamfuta Posta mchanga usoni kwa mkono wa sweta yake, na Posta akaendelea kutafuna.